Ami Shaame na Mwezi wa Mlimani

Kila asubuhi kabla ya chai, Ami Shaame husimama dirishani, ghorofa ya tisa huko Stratford, akafunika jicho moja kwa kiganja na kusoma bango la duka la viatu ng'ambo ya barabara. Kisha hufunika la pili.

Ni mdogo wake baba yangu, mtu wa Wete, karani mstaafu. Lakini kwa familia kumi na tano hivi za Kipemba zinazojuana hapa London, yeye ni mtu wa mwezi. Hawafungi wala hawafungui mpaka Shaame auone kwa macho yake. Mawingu yakizidi mjini, hupanda treni hadi pwani.

Mwaka jana binti yake, Haifa, alitupeleka Visiwa vya Kanari, kwenye mlima wa volkeno wenye kituo cha kuangalia nyota. Tarehe aliichagua Ami mwenyewe: ishirini na tisa ya Ramadhani. Kule juu, mawingu yako chini ya miguu.

Tulifuturu tende kando ya gari, kwenye mawe meusi. Mwongozaji wa watalii alitega darubini, wageni wakapanga foleni. Haifa na mimi tuliuona mwezi humo, mwembamba, umelala chali. Bila darubini hatukuona kitu. Watalii wawili walisema wao wanauona hivihivi, wakaonyesha kwa kidole. Ami hakuikaribia darubini. Alifunika jicho la kulia, akatazama. Akafunika la kushoto, akatazama tena, mpaka mbingu ikawa nyeusi.

Simu ikalia. Mkewe, Bi Sundus.

"Shaame! Nikaange tambi za Idi au niroweke kunde za futari? Watu wananipigia simu kama nimefiwa!"

"Wapo wazungu wawili wanasema wameuona."

"Nani kakuuliza wazungu? Wewe je?"

Ami aliitazama tena mbingu. "Roweka kunde."

Kesho yake tulirudi. Edgware Road, mtaa wa Waarabu hapa London, watu walikuwa wameshavaa za sikukuu. Zile familia kumi na tano zilikuwa zimefunga. Mzee Mansour, mmoja wao, alimpigia Ami na kumwambia, "Bwana we, umepanda mlima mzima kwenda kupunga upepo?" Ami alicheka naye. Siku ya pili, kwenye pilau ya Idi, aliwaambia wote kwamba mwakani wamtafute mwengine, macho yake yamechoka. Hakuna aliyembishia. Bi Sundus aliondoa sahani.

Bango bado analisoma kila asubuhi. Duka limefungwa tangu Novemba, na bango limebadilishwa. Yeye hutaja jina lilelile la zamani.

Wiki iliyopita nilikuwa kwao. Nilingoja mpaka akavaa miwani, ndipo nikamuuliza: "Ami, kule mlimani, kwani hukujua kwamba mwezi upo?"

"Nilijua," alisema. "Watu wetu waliniuliza kama nimeuona."