Maji ya paa ya mukwe wangu

Mukwe wangu, bwana ya mutoto wangu, aliongeza chumba ku nyumba yake, pembeni kabisa ya jiko yangu. Chumba iko muzuri, manjanja, mabati ya paa, iko mupya. Lakini ile paa aliinamisha kwangu. Mvua ikinyesha, maji yote inashuka ku ukuta yangu, na ukuta yangu ni ya matofali ya udongo, haikupita mu moto. Ile jiko marehemu bwana yangu alijengaka na mikono yake. Nakumbuka jina ya kila muntu mwenye alimusaidia kukanyaga udongo. Siandike hata moja, sababu bote balishakufa.

Bantu ya mbali bajue hii: kwetu Baluba, mama mukwe na mukwe habaonane uso kwa uso. Akiniona mu njia, anapita mu majani. Hawezi kuingia mu jiko yangu, na minyi siwezi kumuita. Maneno inapita tu kwa bibi yake, mutoto wangu.

Nikamutuma. "Ambia bwana yako aweke gutiere ya kupokea maji ya paa, ananibomolea."

Akarudia. "Mama, anakusalimia sana."

"Na maji?"

"Nilimuambia mama anafurahia chumba, ila kuko baridi kidogo."

Baridi kidogo. Minyi nasonga bukari miguu mu matope, mbabula ya makala inazimika, yeye anapeleka baridi kidogo. Na bwana yake, muntu ya heshima, akanitumia mufuko ya makala nijipashe moto.

Nikauliza mutoto: wakati ya kujenga, fundi hakumuuliza bwana yako maji itaangukia wapi? Alimuuliza, mutoto akasema. Bwana yake alijibu fundi: kule nyuma, minyi sifikake kule. Njo vile. Juu ya kuniheshimu hakuangalia, na vile hakuangalia, alinimwangia maji.

Mvua moja ya mangaribi ukuta ikakaa chini. Mu ile tundu nikaona mukwe wangu, amesimama na beseni, kinywa wazi. Nikafunika kichwa na kikwembe, nikamupa mugongo, nikasemesha sufuria yangu.

"Weye sufuria, uliza mwenye manjanja kama hii njo heshima."

Naye akageuka, akasemesha beseni. "Beseni, uambie mama sikujua. Balisema ni baridi."

"Sufuria, muambie na bibi yake, anasikia: siku ingine apeleke maneno yangu vile nilivyoitoa."

Mutoto wangu alikuwa ku mulango.

Kesho yake fundi akaweka gutiere, maji sasa inaenda mu mufereji ya barabara. Ukuta mukwe wangu alijenga mwenyewe, na matofali ya kuchoma. Upande yake alipakaza simenti, inangaa. Upande yangu aliacha vile, sababu mu jiko yangu hawezi kuingia. Nimepakaza minyi, na udongo, na hii magoti yangu ya uzee.