Mguu wa mama kwenye katuni

Admin, naomba ufiche jina langu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na nane, nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani Hanang na baba, wawili tu. Mama alifariki wakati wa palizi. Mimi si muongeaji, kwa hiyo mnivumilie kama sielezi vizuri.

Kabla mama hajaugua alikuja kaka, mtoto wa mama mkubwa, ambaye anatengeneza katuni Arusha. Alikuwa amepewa kazi ya katuni ya kufundisha wakulima kuhifadhi mahindi, akataka mwanamke wa kwenye katuni atembee kama akina mama wa huku, siyo kama mdoli. Mtu anabandikwa vibandiko vinavyong'aa mabegani, kwenye nyonga na magotini. Kamera zinavifuata anapotembea, halafu kompyuta inachukua ule mwendo na kumpa mtu wa kuchora.

Mama alikubali, ila nguo ya kubana inayovaliwa kwa kazi hiyo alikataa kabisa. Alivaa traksuti yangu ya shule, akafunga kitenge juu.

"Mama mdogo, kitenge kinaficha magoti, kompyuta haitayaona," kaka akamwambia.

"Isiyaone. Kwani ni mume wangu?"

Tulicheka mpaka kaka akakaa chini. Mwishowe alikivua, lakini kila mzee alipopita njiani alikimbilia kukifunga, akainama, "Shikamoo baba," na kaka akaanza kurekodi upya.

Mama alikuwa anachechemea. Ng'ombe alimwangukia kabla sijazaliwa, nyonga ya kushoto haikupona. Walipomaliza alimwambia kaka, "Huko kwenye kompyuta mninyooshee na mguu basi." Alisema akicheka. Sijui kama ulikuwa utani.

Wiki iliyopita kaka alirudi. Aliweka kompyuta mezani akanionyesha nukta nyeupe kwenye giza. Hakuna uso, hakuna nguo, nukta tu zinatembea, ile ya nyonga ya kushoto inazama kila hatua. Nikasema "Mama" kabla hajaniambia chochote. Nililia sana.

Kaka akasema wenye kazi wanataka mguu unyooshwe, watazamaji wasije wakadhani kompyuta imekosea. Akafungua mwendo mwingine ambao ameshaunyoosha na kumvalisha mwanamke wa katuni. Alitembea vizuri, wepesi, ndoo kichwani. Urefu ulikuwa wa mama. Mimi sikumjua.

Baba akaingia kutoka zizini, akasimama nyuma yetu. Tangu tumzike mama hajamtaja hata mara moja. Tunakula tumenyamaza, anasema "asante mwanangu," anatoka. Siku hiyo alitazama, akasema polepole, "Hebu rudisha."

Kaka akarudisha.

"Ndiye huyo. Nilipomwona mara ya kwanza alikuwa anakuja hivyo hivyo." Akatabasamu, machozi yanamtoka.

Kaka alipotaka kumwonyesha ule wa kuchechemea, baba akasema, "Huo acha," akarudi kwa ng'ombe.

Jamani, nilijisikia mpweke kuliko siku ya mazishi. Siku ya mazishi nilidhani mimi na baba tunamlilia mtu mmoja. Kumbe yeye anamlilia msichana aliyemjua kabla yangu, na mama niliyemjua mimi, ambaye nilikuwa nasikia hatua zake nje najua ni yeye hata sijamwona, nabaki naye mwenyewe.

Kaka ameniambia, "Wewe ndiye mtoto wake. Ukisema mguu ubaki, nitawaelewesha wenye kazi, wataelewa." Anataka jibu Jumapili, kwa sababu karibuni katuni itaanza kuonyeshwa vijijini huku, mpaka Katesh mnadani. Nikikubali unyooshwe, ule wa kuchechemea ameahidi kuniwekea kwenye simu niutazame peke yangu. Hilo la peke yangu ndilo linaloniuma.

Nikisema aunyooshe, nitakaa katikati ya watu nikimtazama mama yangu kama mgeni. Nikisema aache, nitakuwa nimekataa ombi la marehemu, na baba, ambaye ametabasamu mara moja tu mwaka huu, nitakuwa nimemnyang'anya mke wake mbele ya watu. Kumuuliza nashindwa. Kila nikimkaribia ananiuliza kama ndama wamekunywa maji.

Ninyi mliofiwa na mzazi, au mliofiwa na mke, niambieni: nimjibu nini kaka? Na baba nimwanzeje?