Shali ya Fundi Isiyokatwa Uzi

Jumatatu ile, siku tatu kabla Fundi hajapasuliwa tumbo, shali yake ilikuwa imeshampita urefu yeye mwenyewe na ilikuwa inaelekea kumfunika na jirani. Na mkewe bado anafuma.

Si kwamba hakujua kupima. Mwanamke huyu, ambaye mtaa mzima na kanisa zima wanamwita Mama Shali, angeweza kukutazama ukipita tu barabarani akakwambia mabega yako yanataka mishono mingapi. Aliogopa, basi. Aliogopa mkasi.

Sasa mtu mzima na akili zake kuogopa mkasi, hiyo habari inabidi tuianzie mbali kidogo.

Mama Shali hakujaliwa sauti. Kwaya walimjaribu Jumapili mbili, wakamrudisha kwenye benchi kwa upole mwingi. Kuomba mbele za watu nako hakuwezi. Ukimsimamisha maneno yanamkimbia, anaishia kumshukuru Mungu kwa hali ya hewa. Lakini mpe ile sindano yake ya ndoano na donge la uzi wa sufu, hapo ndipo anapoongea na Mungu, midomo imefungwa, vidole ndivyo vinavyosema. Mtu akiugua, anaanza shali. Kila mstari una kazi yake: mwanzoni anamtaja mgonjwa, katikati anaitaja shida yake, mwishoni anashukuru, hata kama hajaona cha kushukuria. Anageuza kazi, anaanza tena. Shali ikitosha, anapitisha uzi kwenye tundu la mwisho, anavuta, anakata kwa mkasi, ndipo anasema Amina. Amina moja kwa shali nzima. Hata kanisani, mchungaji akimaliza sala na wenzake wakiitikia, yeye anatikisa kichwa tu. Ya kwake iko nyumbani kwenye kikapu, haijaiva.

Miaka mingi mambo yakaenda hivyo. Watu waliugua, wakafunikwa, wengi wakapona, wengine wakaenda zao. Hakuna aliyehesabu.

Mpaka ulipoingia mwaka ule. Alianza mwalimu mstaafu. Mama Shali alikata uzi asubuhi, na kabla jua halijafika utosini mzee akawa ameaga. Watu wakasema amepumzika, aliumwa muda mrefu. Akafuata muuza mkaa wa pale kona: uzi ulikatwa Jumamosi, Jumapili jina lake likasomwa kanisani. Wa tatu ndiye aliyemmaliza Mama Shali. Alikuwa mama kiongozi wa kwaya, na ugonjwa wake wala haukuwa wa kutisha. Mama Shali alikata uzi, akasema Amina, akawa anaikunja shali vizuri magotini, akasikia hodi mlangoni. Sauti ya aliyebisha ilikuwa na kilio ndani yake.

Watu wana macho, na kwaya ina midomo. Wiki mbili baadaye Mama Shali alikwenda kumjulia hali fundi cherehani aliyekuwa hoi kwa homa. Yule mgonjwa alipoona kikapu kinatangulia getini, alishuka kitandani, akatwaa ufagio na kuanza kufagia uwanja huku meno yakigongana.

"Mimi mzima, mama," akasema, ameuegemea ufagio kama mkongojo. "Mzima wa afya. Hicho kikapu kibaki huko huko kilipo."

Mtaa ulicheka mpaka ukachoka. Mama Shali hakucheka. Alirudi nyumbani, akakisukuma kikapu uvunguni, na miezi minne hakugusa uzi. Na kwa vile sala zake zote zilikaa humo kikapuni, miezi minne hakuomba.

Ndipo Fundi akaanza kushika tumbo.

Fundi anatengeneza baiskeli chini ya kibati mbele ya nyumba. Ni mtu wa maneno mengi, anaweza kukusimulia maisha ya tairi lako tangu lilipotoka kiwandani. Daktari alisema kuna uvimbe na lazima utolewe, akapanga Alhamisi ya wiki tatu mbele. Fundi alirudi nyumbani, akakaa kwenye kiti chake, akasema, "Mama watoto, toa kikapu."

"Kikapu cha nini?"

"Umefunika mtaa mzima, mimi mumeo sina hata kitambaa cha shingo. Nataka ya kwangu. Ya bluu."

"Fundi, unajua watu wanavyosema."

"Najua. Na kama kweli uzi wako unaua, mbona huyu mwenye nyumba wetu hujamfumia hata soksi?"

Akacheka, kicheko kikamchoma tumboni, akakikatiza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ambayo si yake, "Uzi siuogopi. Naogopa kulala kwenye kile kitanda chao peke yangu."

Basi, ungefanyaje? Mama Shali akaingia uvunguni akavuta kikapu.

Alianza kufuma. Na katika kufuma huko huko akagundua jambo, au aliona amegundua: mwalimu alikuwa anapumua mpaka mkasi ulipofika. Muuza mkaa naye. Mama wa kwaya naye. Uzi ukiwa bado unakwenda, mtu yupo. Sasa dawa si hiyo hapo? Usikate.

Shali ikafika kiunoni mwa Fundi, ikafika magotini, ikapita nyayo. Uzi wa bluu ukaisha dukani, akaingia wa kijani. Wa kijani ukaisha, akafumua sweta lake la kahawia la enzi za uchumba. Chungu kiliungua mara mbili jikoni na hakunusa. Akiamka, kabla hajafungua macho vizuri, mkono unatafuta donge kuona kama uzi bado umeshika. Na mikasi yote ya nyumba ile aliificha, akaizika kwenye debe la unga.

"Mkasi wangu wa ndevu uko wapi?" Fundi akauliza.

"Sijui."

"Nitaingia hospitali nikiwa kama mbuzi?"

"Ingia tu, watakujua."

Jumanne hofu ilipomzidi, alikwenda kwa mchungaji. Alimkuta anapanga vitabu vya nyimbo, akamweleza yote, kuanzia mwalimu mpaka debe la unga. Mchungaji hakumcheka, na afadhali angecheka.

"Mama," akasema, "ukishaamini roho ya mtu imefungwa kwenye uzi wako, huo ni uganga. Hata kama unaufumia ndani ya kanisa."

Mama Shali alikuwa ameingia na hofu moja, akatoka na mbili. Aliogopa kukata, Fundi asije akafa. Sasa akaogopa na kutokukata.

Jumatano akafika wifi yake, dada wa Fundi, mwanamke ambaye kitu kikimjia kichwani hakipumziki, kinatokea mdomoni moja kwa moja. Aliikuta shali kwenye kiti, akaishika pembe, akatembea nayo. Alivuka chumba, akafika mlangoni, shali bado inakuja.

"Wifi, hii ni shali au zulia?"

"Haijaisha."

"Haijaisha? Kaka yangu mnataka kumfunika au mnataka kumviringisha kama mkeka?"

"Iache, wifi."

"Nimeiacha. Yenyewe ndiyo haitaki kuniacha," akasema wifi, akijinasua mguu.

Alhamisi ikafika. Saa mbili asubuhi Fundi alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu kwenye korido, amevalishwa gauni la hospitali ambalo kwa nyuma lilikuwa na siri chache mno. Alinyoosha mkono. "Nipe."

Mama Shali akamfunika kwa upande mmoja wa shali. Upande mwingine ulibaki kwenye mfuko, na sindano yake, na donge lake.

Nesi akaja na karatasi. "Hii haingii ndani, mama. Ila mpaka wamwite si vibaya." Akaona uzi unaning'inia. "Na huu? Ngoja nikusaidie kuukata."

Akapeleka mkono mfukoni kwenye mkasi. Mama Shali akaudaka mkono ule kwa nguvu, mpaka nesi akainua uso kumtazama.

"Msamehe, sista," Fundi akasema. "Ndivyo anavyoomba. Hajafika Amina."

Kumbe alijua. Miaka yote hiyo Mama Shali alidhani ile Amina ni siri yake na Mungu.

Wakamwita. Kitanda kikasukumwa, na shali, ambayo Fundi alikuwa ameshika pindo lake, ikamtoka vidoleni taratibu, ikaanguka sakafuni. Mlango ukafungwa.

Mama Shali akaketi kwenye benchi na wifi yake, akaendelea kufuma. Daktari alisema ni kazi ya saa mbili. Saa nne ikafika, mlango kimya. Saa tano. Watu wengine waliokuwa kwenye benchi waliitwa, wengine wakaja, na kila mlango ulipolia Mama Shali aliinua uso. Mstari baada ya mstari, Fundi, Fundi, Fundi. Kutaja shida alishaacha, na kushukuru alishaacha siku nyingi. Lilikuwa limebaki jina tu.

Sweta la kahawia likawa linaisha. Donge lilikuwa kama chungwa, likawa kama limau, likawa kama yai. Alifuma polepole, akabana mishono, kama mtu anayekunywa maji ya mwisho kwa kijiko. Ikabaki pima moja. Ukabaki urefu wa mkono.

"Wifi," akasema. "Uzi unaisha."

Wifi tangu asubuhi alikuwa kimya, jambo ambalo peke yake lilitosha kumtia mtu hofu. Sasa akasimama. Akavua sweta lake, jekundu, jipya, ambalo njia nzima aliwaambia abiria wenzake wasiliguse. Akaligeuza mkono wa kushoto, akaung'ata mshono wa mwisho kwa meno, akatafuta ncha ya uzi, akaanza kuvuta.

"Unga hapo. Fuma."

"Wifi, sweta lako."

"Nimekwambia fuma. Usisimame." Akavuta tena. "Usisimame, wifi yangu, nakuomba."

Mama Shali akaunga, akafuma mstari mmoja mwekundu. Akafuma wa pili. Kisha akamtazama mwenzake. Wifi alikuwa anavuta uzi kama mtu anayevuta maji kisimani na nyumba inaungua, macho hayabanduki kwenye mlango, mkono wa sweta unayeyuka kuelekea kiwiko. Alikuwa haombi. Alikuwa anavuta tu. Mkono huu ukiisha, watafumua wa pili. Ukiisha wa pili, watamvua sweta yule mzee wa mwisho wa benchi, kisha nesi, na mlango utakuwa bado umefungwa.

Akaona aibu, na aibu ile ilimtisha kuliko kwaya, kuliko mchungaji. Wiki tatu hakumwomba Mungu kitu. Alikuwa amemfunga huyo Mungu kamba kama mbuzi, na kazi yake yeye ikawa ni kuangalia kama kamba bado imeshika.

Akauweka mkono wake juu ya mkono wa wifi. "Basi."

"Basi nini? Hawajatoka."

"Ndiyo. Hawajatoka. Basi."

Aliinuka, akaenda kwa nesi huku shali inamfuata sakafuni, akaomba mkasi. Nesi, ambaye mkono ulikuwa bado unamkumbusha alivyodakwa, alimpa upande wa kushikia.

Akapitisha uzi kwenye tundu la mwisho. Vidole vilimkataa, mkasi ukafunguka na kufungika hewani. Ikabidi wifi aushike uzi auvute, uso ameugeuzia ukutani, macho ameyafumba. Mama Shali akamtaja Fundi. Akaitaja shida: mimi naogopa, Bwana, naogopa sana. Akatafuta cha kushukuria, hakukiona, akashukuru hivyo hivyo. Akakata.

Amina haikuja. Alisimama, mdomo wazi, mkasi mkononi. Kisha ikaja, ndogo, imepasuka katikati. Wifi akaiitikia kwa sauti kubwa kupita kiasi, na benchi zima, watu wasiojuana, wagonjwa wao mbalimbali, wakaitikia Amina.

Halafu hakuna kilichotokea. Hicho ndicho kilikuwa kibaya zaidi. Mlango ulikaa vile vile. Mama Shali akarudi kwenye benchi na mikono mitupu, hajui aiweke wapi, akaikalia. Saa sita ikapiga mahali fulani. Wifi akamwegemea begani, mkono wake mmoja uko nje, una baridi.

"Ndugu wa fundi baiskeli?"

Walisimama wote wawili.

"Ametoka," nesi akasema. "Uvimbe umetolewa. Anatetemeka tu, ni baridi ya dawa. Mna kitu cha kumfunika?"

"Tunacho," wifi akasema, na machozi yakamshinda. "Tunacho cha wadi nzima."

Ilibidi waikunje mara tatu. Mama Shali aliketi kando ya kitanda na kiganja kifuani mwa mumewe, akisikiliza kama pumzi inapanda, na ikichelewa kidogo naye zake zinachelewa. Uzi ulikuwa umekatwa, hofu haikukatwa. Ilikaa naye pale mpaka alasiri, Fundi alipofumbua macho. Vidole vyake vilipapasa shali, bluu, kijani, kahawia, vikafika pindoni, vikaikuta ncha ya uzi.

"Umemaliza," akanong'ona.

"Nimemaliza."

Akainua kichwa kidogo, akakunja uso. "Na huu mwekundu? Nilisema bluu."

Wifi alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, amevaa sweta la mkono mmoja. "Huo mkono wangu, kaka," akasema. "Usiuzoee."