Firigisi Aliyoikataa Ezron

Siku Ezron alipofika kwenye meza ya Jenista, sokoni Tunduma, alikuja akichechemea, kiatu mguu mmoja, ndala mguu wa pili. Jenista hakumpa pole. Alimpa bei ya maharage.

"Dada, hapo umenipiga. Haya haya kule Ihanda wanagawa bure."

"Basi yafuate Ihanda, bosi, kwa huo mguu wako."

Ezron alicheka na kulipa. Yeye mwenyewe alikuwa dalali wa mahindi, akiwakutanisha wakulima wa Mbozi na wanunuzi wa Zambia, na hakuzoea kujibiwa hivyo. Kila mzigo ulipouzwa biashara ilifungwa kwa sahani ya nyama choma, na nyama hizo ndizo zilizomletea jongo la mguu. Daktari alimwambia apunguze. Ezron hakuwa mtu wa rejareja. Aliacha yote kwa mkupuo.

Jenista alipogundua kwamba mteja huyu hajui hata kuloweka maharage, akaona soko. "Loweka usiku, asubuhi yamwage hayo maji, ndipo ubandike, mkaa utautumia kidogo. Majani ya maboga, haya Wazambia wanayoyaita chibwabwa, yatie karanga za kutwanga. Siku nyingine pika kande. Parachichi usiziache, msimu wake huku zinaoza tu."

"Na nikitamani nyama?"

"Kunywa maji, ukalale."

Miezi haikupita mingi, kiatu cha pili kikarudi mguuni. Mfuko nao ukapumua. Ezron akawa mhubiri, akipita buchani anawatania madalali wenzake: "Malizeni hao ng'ombe, mimi nimewaachia urithi!"

Ndipo simu ya Atupele ikaja. Huyu ni mdogo wake wa mwisho, mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na mchumba alikuwa ameshatokea, mtoto wa mwenye shamba la kahawa huko Ruanda ya Mbozi.

"Kaka, simkatai. Ila waambie washenga nimalize chuo kwanza. Wewe ndiye unayejua kubana watu."

"Hilo, hesabu kwamba umeshalipata."

Na kweli, baba yao akiwa ameshafariki, nani mwingine angesema?

Akapanda kwenda kwao Ikinga siku moja kabla ya washenga. Mama yake, Gwantwa, akachinja jogoo mkubwa. Mezani walikaa Ezron, mdogo wake Aliko na baba yao mdogo, mzee Mbonile. Mama akaweka bakuli mbele ya Ezron, firigisi juu kabisa. Katika nyumba ile firigisi ilikuwa ya baba. Anayeila ndiye mwenye nyumba, na mwenye nyumba ndiye anayesema mbele ya wageni. Ezron alikua akiliona hilo. Lakini miaka ya mpakani ilikuwa imemfundisha kuona mizigo tu, na pale aliona nyama. Akaichota kwa kijiko, akaitua kwenye sahani ya Aliko.

"Kula, mdogo wangu. Mimi haya nimeshastaafu."

Alicheka peke yake. Aliko alimtazama mama. "Mama, nile?"

Mzee Mbonile alikuwa ameshaanza kunawa mikono, ugali wake umebaki.

"Kula, baba," mama akasema. "Kaka yako amekupa mbele yetu."

Kesho yake Mbonile akamkalisha Aliko kwenye kiti kinachowaelekea washenga. Ezron alikuwa amemvuta nyuma ya jiko: "Ng'ombe wa mahari waachie, chuo usikiachie." Aliko akaitikia. Ni mtu hodari wa jembe, lakini mdomo wake umezoea kusema ndiyo. Mshenga alipotamka, "La shule ni la wenyewe, wataelewana wakiwa ndani," Ezron alitambua maneno yale. Ni ya mnunuzi anayekwambia magunia tutayapima huko huko ng'ambo. Akafungua mdomo.

"Nyumba ina mdomo mmoja, Ezron," Mbonile akamkata.

Aliko akasema sawa. Wakapeana mikono.

Jioni Ezron akamfuata mama jikoni. "Mama, yote haya kwa kipande cha nyama?"

"Nani alikwambia ile ni nyama?" Aliendelea kusugua sufuria. "Kijiko kimoja, baba. Ungetafuna, ukameza, ukarudi kwenye maharage yako."

Daktari alisema punguza. Kuacha yote Ezron alikuwa amejiongezea mwenyewe.

Leo mguu wake ni mzima. Jenista amepata mteja wa kudumu, na bei hajamshushia hata siku moja. Ng'ombe wako zizini Ikinga. Aliko ana kiti ambacho hakukiomba. Atupele yuko Ruanda, anaanika kahawa ya mkwewe. Sare yake ya chuo alimpa rafiki. Kaka yake akipiga simu hupokea vizuri, humuuliza habari za mguu.

Na Ezron akienda nyumbani, mama humpikia maharage mapema, humtengea peke yake sebuleni kwa heshima zote, kama wanavyotengewa wageni.