Ushuhuda wa Gari Langu la Michezo

Jumapili nilisimama kutoa ushuhuda kanisani kwetu huku ughaibuni, Ixelles: Mungu amenipa gari la michezo, kuukuu na la bei nafuu, nami nimelishusha chini hadi karibu liguse lami na kulivalisha rimu pana zinazong'aa. "Hata theluji hailiwezi!" nikatamba.

Tulipotoka, theluji ilikuwa imetanda, na gari likagoma kupanda kilima. Wamama wa kwaya, Mungu awabariki, walikunja vitenge wakanisukuma huku wakiimba, viatu vyao vya ibada vikilowa. Nilikaribia kulia kwa shukrani.

Maman Zawadi, kiongozi wao, akafungua buti la gari kutafuta koleo la kuondolea theluji. Akayakuta matairi yangu ya theluji, hayajaguswa, kwani rimu zake nyeusi niliona aibu kuja nazo kanisani.

"Bon, Papa Elie," akauliza akiyagonga matairi, kwaya yote ikisikia, "hizi pneu zinangojea baridi gani?"