Nilijifanya Mjukuu wa Shamsa ili Nipite Usaili

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Nilikaa nikafikiri, nikapanga, nikaenda nikasema uongo mchana kweupe mbele ya mwanamke aliyenipakulia wali kwa mkono wake. Sasa nimezeeka, magoti yananiuma, na nikikumbuka bado nataka kujipiga makofi!

Nisikilizeni, nianze mwanzo.

Tulifika Maskati mwaka 1964, mimi na mama yangu, baada ya mambo ya Unguja kuharibika. Nilikuwa nimemaliza skuli karibuni tu, na hisabati ndiyo iliyokuwa raha yangu. Nilijiona mtu! Lakini Maskati ya siku zile haikuwa na kazi ya kumpa mtu wa hisabati. Nikaishia karani katika duka la mchele Matrah, mji wa bandari hapo jirani, Kiarabu changu cha kubabaisha, vijana wa sokoni wakiniita Zinjibari na kucheka. Kila ninayekutana naye swali lake lilikuwa moja: wewe wa nani? Hapana aliyeniuliza najua nini. Wa nani tu!

Miaka ikaenda hivyo. Kutoka nchini kulitaka ruhusa, na ruhusa haikutoka. Mwaka 1970 ndipo mambo yalipoanza kufunguka, nami nikaomba nafasi katika chuo kimoja cha uhandisi Uingereza. Wakanijibu! Walisema wananitaka, ila kwanza nisailiwe na mwanafunzi wao wa zamani anayeishi hapa hapa, naye awapelekee maoni yake. Bila ya neno lake, hakuna nafasi.

Mwanafunzi huyo wa zamani alikuwa mmoja tu katika nchi nzima. Jina lake Bwana Hilal, mhandisi, mzaliwa wa Maskati, mtu wa maneno machache.

Nikajitayarisha, wallahi nilijitayarisha! Saa za mchana, jua kali na duka halina mteja, nikiyahutubia magunia ya mchele kwa Kiingereza. Kwa nini unataka kuwa mhandisi? Utaifanyia nini nchi yako? Magunia yakinisikiliza vizuri sana. Nyumbani mama alinipunguzia koti la marehemu baba, na huku anashona, mimi namwambia majibu yangu kwa Kiswahili apate kunipima.

"Hilo refu, mwanangu," alisema. "Mtu atalala kabla hujamaliza."

Basi nikafupisha. Na nilikuwa tayari! Hicho ndicho kinachonikera mpaka leo. Majibu ninayo, hisabati naijua, koti linanikaa vizuri. Ningekwenda vile vile nilivyo, huenda ningepita.

Lakini roho haikutulia. Nikajiambia, huyu ni mtu wa Maskati, atanitazama na kuniona Zinjibari asiye na ukoo wala mtu wa kumsemea. Atanisaili nini mie? Nitafute kamba ya kunifunga naye.

Na kamba nikaipata kwa mama yangu mwenyewe, masikini, bila ya yeye kujua. Alikuwa ametoka matangani, akanihadithia kwa huruma juu ya Bibi Zuwena, mama yake Bwana Hilal. Bibi huyu alikulia Unguja pamoja na ndugu yake, Shamsa. Yeye akaletwa kuolewa Maskati, Shamsa akaolewa Pemba. Tangu mapinduzi hajapata habari ya ndugu yake. Kila anayetoka huko humuuliza: humjui Shamsa, kaolewa Wete?

"Ameniuliza na mimi, kama anavyowauliza wote, hata jina langu halijui," mama akasema. "Sikuwa na la kumwambia. Nimetoka pale moyo unaniuma."

Mama aliumwa moyo. Mimi nikaona njia! Hebu nitazameni mtu niliyekuwa.

Ijumaa, siku chache kabla ya usaili, nikavaa kanzu safi nikaenda nyumbani kwa Bibi Zuwena mara tu baada ya sala, nikijua mwanawe hukawia kidogo msikitini kisha hurudi kula. Nilisema nimepita kumwamkia, kwa kuwa nimesikia anapenda watu wa Unguja. Alifurahi! Macho yalikuwa yameshaanza kufifia, akanisogelea anione.

"Karibu, mwanangu. Kaa. Mie nna ndugu yangu huko, Shamsa, kaolewa Wete. Humjui?"

"Shamsa wa Wete?" nikasema. "Bi mkubwa, huyo si bibi yangu, mzaa mama?"

Lilitoka kinywani kama maji.

"Yaa Rabbi! Mwenye kovu la moto mkononi?"

"Hilo hilo, bibi."

"Mkono wa kulia?"

"Wa kulia."

Sikuwa na haja ya kubuni. Kila kitu alinipa mwenyewe, nami nikamrudishia. Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo linaniamsha usingizini.

"Yu hai?"

Ningeweza kusimama pale. Ningesema, bibi nisamehe, nimechanganya watu. Badala yake nikasema, "Yu hai, alhamdulillah. Ila miguu ndo imemchoka."

Akanishika uso kwa mikono yote miwili, akalia. Akawaita watu wote wa nyumba waje kuniona. Bwana Hilal alipoingia kutoka msikitini, mama yake alimpigia kelele kutoka ndani: "Hilal! Taal, njoo! Mjukuu wa Shamsa huyu! Damu yetu!" Bwana Hilal, mtu wa maneno machache, akanikumbatia. Nikajiambia, kazi kwisha.

Tukakaa kwenye sinia. Tunakula, ananiuliza nafanya kazi gani, kwa jina naitwa nani. Nikamtajia jina langu kamili, kifua mbele. Akaacha kula.

"Wewe ndiye ninayekusaili wiki ijayo?"

"Ndiye mimi, ammi," nikasema, na tabasamu kubwa la kijinga.

"Basi haiwezekani, yaakhi. Chuo kina sharti, sisaili jamaa yangu. Leo leo ntawajuulisha." Na alihuzunika kweli, si utani. "Pole sana. Ungekuwa mtu baki, ningefurahi kukuona."

Mtu baki! Nilikuwa mtu baki tangu kuzaliwa! Nikamuuliza, hapana mwengine? Akasema aliye karibu yuko ng'ambo, na mpaka apatikane nafasi za mwaka ule zitakuwa zimekwisha. Bibi Zuwena hata hakuelewa nimepoteza nini, alikuwa akicheka peke yake.

"Kheri! Usende hata. Nshakupata leo, wakupeleke Ulaya kesho? Kula, mwanangu, kula!"

Nikarudi nyumbani nimefura kwa hasira, na wala si hasira ya kujuta! Nilimkasirikia Bwana Hilal na sharti lake, nikawakasirikia Waingereza, nikamkasirikia hata yule bibi kwa kumkosa ndugu yake. Mama akaniuliza kulikoni, nikamwambia kichwa kinaniuma.

Jioni yake ikaja bakuli ya halwa kutoka kwa Bibi Zuwena, na salamu: hii ya mama wa mjukuu wetu, binti wa Shamsa. Mama aliipokea, akaiweka chini, akanigeukia.

"Bibi yako mzaa mama ni Mwanaasha wa Mkunazini," akasema. "Hata Pemba hajapata kufika. Umekwenda kusema nini kwa watu?"

Nikamwambia yote. Hakunipiga, na afadhali angenipiga. Alisema tu, "Kesho asubuhi unakwenda kusema kweli. Na halwa hii sitii mdomoni."

Kusema kweli, usiku ule nilipata faraja, kwa sababu nilianza kupiga hesabu zangu. Nikisema kweli, mimi si jamaa. Nikiwa si jamaa, anaweza kunisaili! Mwaona kichwa changu kilivyokuwa kikifanya kazi? Mama alinituma kutubu, mimi nikaenda kudai nafasi yangu.

Nilimkuta Bwana Hilal ofisini kwake, ramani zimetandazwa mezani. Nikamwambia kwa adabu zote kuwa mimi si mjukuu wa Shamsa, kwamba nilikosea, nimekuja kuungama. Kabla hajanijibu nikaongeza, "Kwa hivyo, bwana, lile sharti la chuo halinihusu tena."

Alizikunja ramani zake polepole. Nikadhani atanifukuza.

"Kaa," akasema. Nikakaa. "Nna swali moja. Umekuja kwa kuwa umejuta, au kwa kuwa umekosa kusailiwa?"

Jamani! Majibu yangu yote yale, mafupi, ya Kiingereza safi, na hili sikuwa nalo! Nikasema, "Yote mawili." Akaningojea. Nikasema, "Zaidi... nimekosa kusailiwa." Angalau hilo lilikuwa kweli.

"Khalas," akasema. "Nshakusaili."

Nikainuka. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Na mama yangu asijue. Tangu jana anaimba. Sijamsikia kuimba toka mwaka wa mapinduzi. Ijumaa utakuja kula kama mjukuu. Na Ijumaa ya pili. Ulilolianza utaliendeleza wewe, maana mie siwezi kumwambia."

Basi hiyo ndiyo ikawa adhabu yangu. Chuo kilinipita, nikarudi kwenye magunia. Na kila Ijumaa nikawa nakaa mbele ya sinia la Bibi Zuwena, nikitunga habari za mwanamke nisiyemjua. Shamsa kapika nini Idi, Shamsa bado mkali? Nikichoka kutunga, yeye mwenyewe hunisaidia. Bwana Hilal anakula kimya, hanitazami.

Mnadhani nimemaliza? Laiti ingekuwa kupoteza chuo tu!

Mwisho wa mwaka ule ule familia nyingi zilianza kuingia kutoka Unguja na Pemba. Ijumaa moja nikasikia kuwa nyumba ya tatu kutoka pale wamefikia watu wa Wete, wanapumzika tu, wanaelekea Kuweti. Wete hasa! Nikamwambia Bibi Zuwena, kwa sauti ya kubabaika, "Bibi, wamekuja watu wa Wete. Huendi kuwauliza?"

Akacheka, akanipiga paja.

"Niwaulize nini tena, na wewe uko?"

Hapo ndipo nilipofahamu nilichokifanya. Bibi yule alimuuliza kila mtu aliyeshuka Matrah, miaka yote ile, mpaka nilipokuja mimi. Mimi ndiye niliyemnyamazisha.

Na mimi mwenyewe ningeweza kwenda kuwauliza. Nyumba ya tatu! Sikwenda. Niliogopa wasije wakasema tunamjua Shamsa, tumemuacha mzima, hana mjukuu mwenye jina hilo. Niliogopa hata wasije wakasema amekufa zamani. Wale watu wakafunga mizigo yao, wakaondoka, na hakuna aliyewauliza neno. Hili sikumwambia mama yangu wala Bwana Hilal mpaka wote wawili wamefariki. Bibi Zuwena alitangulia, na aliondoka akiniamini.

Vijana mnaokwenda kusailiwa, nakuombeni, nendeni kama mlivyo! Mkikataliwa, mmekataliwa nyinyi, na mtu anaweza kurudi nyumbani akalala. Usiazime ukoo wa mtu, usiazime msiba wa mtu ukaupanda kama ngazi. Wewe unaona mlango umefungwa, huoni ni nani anayeegemea upande wa pili.

Wiki iliyopita mwanangu alikuja kunitembelea na binti yake, anayesoma chuo kikuu hapa Al Khoudh na anataka kwenda kuendelea na masomo nje. Atasailiwa na mwanafunzi wa zamani wa chuo anachokiomba, bwana mmoja wa hapa hapa. Mwanangu akatoa simu mfukoni, akasema, "Huyu ntampigia, nimwambie sisi ni jamaa kwa upande wa bibi."

Nilimpigia ukelele mpaka binti yake akaangusha kikombe. "Baba, una nini?" mwanangu akaniuliza. Nilikaa namtazama, na sikuweza kumwambia. Ndiyo maana nakwambieni nyinyi, msionijua.