Amoit na Lango Lililokosa Watu

Ndugu zangu, ulimi wangu bado unagoma kutamka kwamba Stella Amoit, mpangaji wa kazi katika yadi ya malori hapa Malaba, ameuawa kwa mawe. Adhuhuri. Mbele ya macho yetu.

Mimi huongoza sala za wafanyakazi pale yadini saa ya chakula, na meza yake ilikuwa karibu na mlango wa chumba chetu cha sala. Ndivyo tulivyozoeana, mzee wa kanisa na binti mwenye kicheko cha kutikisa vikombe.

Siku moja nilimletea zamu za wahubiri wetu, nikitaka kujua ni lini tutapungukiwa. Nilikuwa nimeandika miezi juu ya ukurasa wa Excel, kutoka kushoto hadi kulia.

"Mzee! Umeegesha miezi ubavu kwa ubavu kama malori hapo nje. Sasa chart itajua gani imetangulia? Ipange foleni, mmoja nyuma ya mwingine, kama inaenda Uganda."

Akaishusha miezi yote katika safu moja, hesabu ya watu ikakaa kando yake, na mstari ukajichora: mahali tulipojaa, mahali tutakapopungua.

Alifanya hivyo hivyo kwa walinzi wa yadi. Mikataba yao huisha pamoja Novemba, huandikwa upya Januari. Katika forecast yake, makadirio ya miezi ijayo, mstari ulifika Desemba ukakatika.

Meneja wake alisimama nyuma ya kiti chake, nami nikiwasikia.

"Dada, hiyo shimo ni ya nini? Rudia tu namba ya Novemba, line ishikane."

"Boss, nikiishikanisha, hao watu watatoka wapi? Namba itasimama kwa gate?"

"Wewe unataka wakubwa wanitafune."

"Nataka uandike walinzi, boss. Ukitafunwa nitakuletea chai."

Wakacheka wote wawili. Chati ikapelekwa kwa wakubwa na pengo lake. Wakajibu kwamba wataliangalia baada ya Krismasi.

Desemba, lori lililokuwa likitoka yadini lilimkanyaga kijana wa boda boda, akafa papo hapo. Mungu amrehemu, naye ana mama anayemlilia.

Umati ukamfukuza dereva, Mganda, hadi ndani ya yadi, ukiwa na mawe, nondo na petroli. Langoni palikuwa na mlinzi mmoja tu wa kibarua, mzee kama mimi. Walimvunja mkono wakapita.

Amoit alimsukuma dereva ofisini, akafunga, akasimama mlangoni na mikono ameitandaza.

"Dada, toka hapo! Leo tunachoma!"

"Wewe wa jaketi nyekundu, si wewe umenibeba asubuhi? Ukinichoma, kesho utabeba nani?"

Nilimwona yule kijana akiinamisha macho. Kisha jiwe likatoka nyuma, likampasua kipaji cha uso. La pili lilimkuta amepiga magoti. Damu ilitiririka hadi kizingiti cha chumba cha sala.

Meneja ndiye aliyembeba, shati lote jekundu, akimwita kwa jina. Hatukufika naye hospitalini akiwa hai. Dereva alitolewa na polisi, mzima.

Sasa sikilizeni kilichonifanya niandike. Jana nilikuwa nyumbani kwao Adungosi. Wakati hema la matanga linasimamishwa, ndugu zake walikuwa wakinoa mapanga. Wanajua majina ya waliorusha, na wanataka kwenda kesho alfajiri kuchoma nyumba zao kabla ya kumzika.

Niliwasihi. Kaka yake mkubwa akanijibu, "Mzee, wewe soma Biblia yako. Hao tutawasoma sisi."

Mwanangu, wewe kaka yake, najua unausoma ukurasa huu. Ndani ya nyumba hizo mna watoto. Dada yako hakufa ili uimalizie ile petroli. Waliorusha nimewataja kwa polisi, kwa jina langu, nami nitasimama mahakamani.

Na kesho alfajiri nitasimama kwenye lango la boma lenu. Sina nguvu, magoti yangu yamechoka. Lakini atakayetoka na panga atanipita mimi kwanza.

Amoit, binti yangu, ulisimama peke yako. Kesho langoni pana mtu. Pumzika kwa amani ya Bwana.